Picha ya Wayo na Yakini ya Maumivu

Wayo mmoja wa binadamu una mifupa 26 na viungo 33, na ugonjwa wa baridi yabisi si mara chache huanza kuila mifupa hiyo kabla haujagusa ya mikono. Viungo vinavyotangulia kuumia ni vya mashina ya vidole, pale mifupa mirefu ya wayo inapokutana na vidole, hasa shina la kidole kidogo cha nje. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utando laini unaokizunguka kiungo. Utando huvimba, hunenepa, hujaa damu, kisha huanza kulila gegedu na mfupa ulio jirani. Ili kujua uharibifu umefika wapi, matabibu hutegemea picha: eksirei, altrasaundi, MRI na, kwa nadra, CT skani. Swali lililo nyuma ya picha zote hizo ni la kale kuliko mashine zenyewe. Anayeitazama picha ya kiungo kinachouma anajua nini kuhusu maumivu hayo? Na picha ikisema hili, mgonjwa akasema lile, nani asadikiwe?

Jina la ugonjwa limebeba sehemu ya swali hilo. "Baridi" na "yabisi" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, nayo yanataja hali mbili, ubaridi na ukavu, kati ya nne ambazo tiba ya Wayunani na Waarabu ilizitumia kueleza afya na maradhi. Nadharia ile imepita. Jina limebaki kwa sababu linasema jambo ambalo mgonjwa bado analitambua: asubuhi kiungo kimekauka, hakikunjiki mpaka jua lipande. Halielezi kile mkono wa daktari unachokikuta, maana kiungo kilichovimba huwa na joto kikiguswa. Jina la Kiingereza, ambalo Alfred Baring Garrod alilitoa London mwaka 1859, lilianzia upande wa pili, upande wa anayechunguza. Garrod alitaka kuutenga ugonjwa huu na jongo na maradhi mengine ya viungo yanayofanana nao. Jina moja linatoka mguuni, jingine linatoka mezani kwa daktari.

Eksirei ndiyo picha kongwe na ndiyo inayopigwa zaidi. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua miale yake Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa na pete vikionekana pamoja. Hamu ya kuona ndani ya mwili ikawa kubwa mno. Kuanzia miaka ya 1920 maduka ya viatu Marekani na Ulaya yaliweka mashine za eksirei ili mteja aone vidole vyake vilivyokaa ndani ya kiatu kipya, mpaka hatari ya mionzi ilipofanya mashine hizo zipigwe marufuku. Duka lile linafaa kukumbukwa. Mteja alikuwa amesimama, kiatu kikiwa mguuni, na mguu ulikuwa na uwezo wa kumwambia kama kinambana. Hata hivyo alialikwa ainame atazame kioo, kana kwamba habari za mguu wake zingekuwa za kweli zaidi zikija kwa njia ya macho.

Kinachoonekana kwenye eksirei ni kivuli. Mfupa wenye kalsiamu huzuia miale, ilhali utando, gegedu na kano huiacha ipite. Kwa hiyo daktari haoni uvimbe unaomuumiza mgonjwa leo. Anaona alama ambazo uvimbe wa zamani umeacha: kingo za mfupa zilizolika kama ufuo ulioliwa na bahari, na nafasi iliyopungua kati ya mfupa na mfupa, ishara ya gegedu lililokwisha. Alama hizo huchukua miezi, mara nyingi miaka, kujitokeza. Eksirei ni kumbukumbu ya yaliyopita, na ni kumbukumbu nzuri, kwa kuwa inaweza kuwekwa kando ya ile ya mwaka uliotangulia zikalinganishwa.

Ulinganisho huo umewekewa hesabu. Kipimo cha John Sharp cha mwaka 1971 kilihusu mikono tu. Ni Désirée van der Heijde wa Uholanzi aliyekipanua, mwishoni mwa miaka ya 1980, kikaingiza nyayo. Katika kila wayo hutazamwa sehemu sita: mashina matano ya vidole na kiungo kilicho ndani ya kidole gumba. Kulika kwa mfupa hupewa alama 0 hadi 10 kwa kila sehemu, na kupungua kwa nafasi 0 hadi 4. Mikono na nyayo zikijumlishwa, kilele ni 448. Katika tafiti, wasomaji wawili hutoa alama kila mmoja peke yake, maana macho mawili yaliyofunzwa sawasawa bado huweza kutofautiana juu ya kivuli kimoja. Namba hiyo ina thamani kubwa katika kupima dawa. Lakini inapima mfupa, na mtu aliyepata alama 40 hana maumivu mara mbili ya aliyepata 20.

Altrasaundi hufanya kazi nyingine. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kusoma mwangwi wake, na hivyo huonyesha utando ulionenepa, maji yaliyojaa kwenye kiungo na kano zilizovimba. Ikiongezewa njia ya Doppler, huonyesha pia damu inayopita ndani ya utando, kwa madaraja ya 0 hadi 3. Damu ikionekana kwa wingi, moto unawaka sasa hivi. Chombo hiki hakina mionzi na kinaweza kurudiwa wiki ijayo. Kasoro yake ni kwamba kinategemea sana mkono na jicho la mpimaji, na sauti haipenyi mfupa. Kina pia sifa moja isiyotajwa vya kutosha: mpimaji hukaa uso kwa uso na mgonjwa, chombo kikiwa juu ya ngozi, na anaweza kuuliza "ni hapa?" huku akibonyeza. Kutazama na kuuliza hufanyika kwa pamoja, na jibu la mgonjwa linaweza kuuhamisha mkono wa mpimaji papo hapo.

MRI huona mpaka ndani ya uboho. Sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio huchora ramani ya maji yaliyomo mwilini, na kwa baridi yabisi jambo muhimu ni maji yaliyoingia ndani ya mfupa penye uvimbe. Mfupa wa namna hiyo unaweza kuwa mzima kabisa kwenye eksirei, kumbe una uwezekano mkubwa zaidi wa kulika baadaye. MRI huonyesha pia vifuko vya maji vilivyo katikati ya mifupa ya wayo, ambavyo huweza kuvimba mapema. CT skani, kwa upande wake, hukata kiungo vipande vyembamba na kuonyesha mashimo ya mfupa kwa usahihi unaozidi eksirei, ila uvimbe wenyewe huuona kwa shida. Katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki chaguo hizi hazipo. Iliyo karibu ni eksirei, na MRI iko mji mkubwa, kwa bei ambayo familia huijadili kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa huko hupewa kumbukumbu ya yaliyopita, basi.

Ugumu huanza picha na mgonjwa wanapotofautiana, na hutofautiana kwa njia mbili. Mmoja ana mfupa uliolika kwenye shina la kidole kidogo, wala hakuwahi kulalamika. Mwingine hawezi kusimama jikoni kwa nusu saa, anasema ni kama anakanyaga kokoto, na picha yake haina kitu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwapiga picha za MRI watu karibu 200 wasio na malalamiko ya viungo, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Wengi walikutwa na dalili ndogo za uvimbe au za mfupa kulika, nazo ziliongezeka kadiri ya umri. Kwa kipimo cha picha peke yake, baadhi ya hao wangeweza kuitwa wagonjwa. Kwa kipimo chao wenyewe walikuwa wazima, na walikwenda nyumbani kwa miguu yao.

Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na maneno ya kutofautisha ngazi za kujua, na maneno hayo yanafahamika vizuri katika darasa za misikiti ya pwani. Kuna ilmul-yakini, yakini ya habari. Kuna ainul-yakini, yakini ya jicho. Na kuna hakul-yakini, yakini ya jambo lenyewe. Mbili za kwanza zinatajwa katika Sura ya At-Takathur, na ya tatu katika Al-Waqia na Al-Haqqa. Mfano unaotumika kuzieleza ni moto. Mtu huambiwa kuna moto, kwa kuwa moshi umeonekana. Kisha anauona. Kisha unamuunguza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliweka wazo hilo karibu zaidi na hospitali. Katika Al-Munqidh min al-Dhalal alieleza kwamba kuijua maana ya afya pamoja na sababu na masharti yake ni jambo moja, na kuwa na afya ni jambo jingine kabisa. Tabibu aliyeugua anayajua hayo yote na ya dawa zake, na afya hana. Kilichopungua kwake si elimu. Ni kuonja.

Kwa ngazi hizo, kipimo cha damu ni moshi, picha ni moto unaoonekana, na mgonjwa ndiye anayeungua. Waswahili wameshasema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ikiwa hivyo, jibu lingekuwa rahisi: mgonjwa ana yakini ya juu, picha ina ya chini yake, na wakipingana picha inyamaze. Hoja hii ina heshima, lakini haitoshi, na sababu ya kutotosha kwake inapatikana, kwa bahati njema, katika mfano wa kifalsafa unaohusu wayo hasa.

René Descartes, katika Tafakuri zake za mwaka 1641, aliuliza jinsi maumivu ya mguu yanavyofika kwenye akili. Alieleza kwamba neva zinatoka wayoni, zinapita mguuni, kiunoni na mgongoni hadi kwenye ubongo, mfano wa kamba iliyotandazwa. Kamba ikivutwa wayoni, akili husikia maumivu ya wayo. Lakini ikivutwa katikati, mahali popote njiani, akili itasikia maumivu yale yale, wayoni, hata kama wayo hauna neno. Katika kitabu chake kingine, kilichochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1650, kuna mchoro wa mtu ambaye wayo wake uko karibu na moto. Elimu ya neva ya leo imebadilisha mengi katika maelezo hayo, ila kiini chake kimesimama. Mtu anayesikia maumivu hawezi kukosea kwamba anaumia. Anaweza kukosea kuhusu mahali yanakotoka maumivu na kinachoyasababisha.

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi jambo hili si la darasani. Miaka ya uvimbe inaweza kuzizoesha neva kupiga kelele hata baada ya uvimbe kutulia. Mifupa iliyokwisha kuhama mahali pake inaweza kuuma kwa uzito wa mwili tu, bila moto wowote ndani ya utando. Neva iliyobanwa katikati ya vidole nayo huuma pale pale. Yote hayo ni maumivu ya kweli, na hakuna hata moja ambalo mgonjwa analitunga. Lakini hayatibiwi kwa dawa moja. Daktari akiyachukulia yote kuwa ni uvimbe, ataongeza dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, na dawa hizo si mzaha: zile za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, hatari ambayo Afrika Mashariki haina ruhusa ya kuisahau.

Kwa hiyo picha na mgonjwa ni mashahidi wawili wa mambo mawili. Mgonjwa anashuhudia maumivu, na katika hilo hakuna wa kumkosoa. Picha inashuhudia utando, uboho na mfupa, na katika hilo ina haki ya kusikilizwa hata mgonjwa akishangaa. Kanuni ya ushahidi, kwa kadhi na kwa hakimu, ni kwamba shahidi huulizwa alichokiona. Kosa kubwa hutokea picha inapoulizwa jambo ambalo haikuliona. Ripoti inayosema "hakuna mfupa uliolika" ni ushahidi mwema. Ikigeuzwa kuwa "mama huyu haumwi", hapo imesemewa. Wanawake, ambao ugonjwa huu huwapata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wameisikia sentensi hiyo ya pili mara nyingi mno, pamoja na ile nyingine, kwamba ni uzee tu. Hapo anayeambiwa hivyo huacha kurudi kliniki, na mfupa wake huendelea kuliwa bila mtu kuutazama.

Ufaransa ya karne ya 20 ililijadili suala hili kwa jina la maana ya ugonjwa. Daktari mpasuaji René Leriche, aliyeandika kwamba afya ni pale viungo vya ndani vinaponyamaza, alifika pia mahali pa kusema kwamba anayetaka kueleza ugonjwa ni nini lazima amweke kando mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa unaweza kukaa mwilini miaka mingi mwenyewe hajui. Mwanafalsafa Georges Canguilhem, katika tasnifu yake ya mwaka 1943, alimjibu kwa hoja ya mpangilio wa wakati. Daktari anaweza leo kuugundua ugonjwa kabla ya mgonjwa kwa sababu tu zamani walikuwapo watu waliojisikia vibaya wakaja kulalamika, na malalamiko yao ndiyo yaliyofundisha utabibu ni badiliko gani la mwili liitwe ugonjwa. Mfupa uliolika ungekuwa umbo la mfupa tu, kama vile mwingine ni mrefu na mwingine mfupi, lau hapangekuwa na watu walioshindwa kutembea. Hoja ya Canguilhem ndiyo yenye nguvu zaidi. Haiondoi haki ya picha kutangulia kwa mgonjwa mmoja mmoja, ila inakumbusha haki hiyo ilitoka kwa nani.

Zipo tafiti zilizolileta suala hili kwenye mizani. Huko Norway, utafiti uitwao ARCTIC uliwagawa wagonjwa wapya wapatao 230 katika makundi mawili: moja lilitibiwa kwa kufuata dalili na uchunguzi wa kawaida, jingine kwa kufuata pia altrasaundi, kwa lengo la kuufanya utando uwe safi kwenye picha. Scotland nayo ilifanya utafiti wa aina hiyo, TaSER. Matokeo ya zote mbili yalichapishwa mwaka 2016, na hakuna uliothibitisha kwamba kuifukuzia picha safi kulileta nafuu iliyo wazi kuliko njia ya kawaida. Kundi la picha lilipewa matibabu mazito zaidi. Matokeo haya hayasemi kwamba altrasaundi haina kazi. Kwa kutambua ugonjwa ulioanza, na pale mkono wa daktari unapokuwa na shaka kama kiungo kimevimba, bado ni msaada mkubwa. Yanasema kwamba picha safi na mtu aliyepona si lengo moja.

Kuna namna nyingine ya kutoona, isiyotokana na mashine yoyote. Kipimo kinachotumika sana duniani kufuatilia ugonjwa huu, DAS28, huhesabu viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, viungo vya vidole vya mikono na magoti. Vifundo vya miguu na nyayo havimo. Viliachwa ili hesabu iwe fupi na iweze kufanyika kwenye kliniki yenye foleni, na sababu hiyo inaeleweka. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuandikiwa kuwa ugonjwa wake umetulia huku mashina ya vidole vyake vya miguu yamevimba. Hapa mambo yanageuka, kwa kuwa picha ya wayo ndiyo inayomtetea mgonjwa dhidi ya namba. Masharti ya kuainisha ugonjwa yaliyotolewa mwaka 2010 na vyama vya Marekani na Ulaya yaliyahesabu mashina ya kidole cha pili hadi cha tano, na kukiacha cha gumba, ambacho mara nyingi huharibika kwa uchakavu wa kawaida.

Hata jinsi wayo unavyowekwa mbele ya mashine hubadilisha kinachojulikana. Picha ya mgonjwa aliyelala huonyesha mifupa iliyopumzika. Akipigwa amesimama, uzito wa mwili hulishusha tao la wayo, hutanua vidole na huonyesha vichwa vya mifupa vinavyoibonyeza ngozi ya chini, zile kokoto alizokuwa akizisema. Kushuka kwa tao na kutanuka kwa vidole kunaweza kutoonekana kabisa alipokuwa amelala. Maumivu yake huja akitembea, na picha aliyopigwa kitandani iliuliza habari za mguu ambao wakati huo haukuwa na kazi.

Hayo yote huanzia kwenye karatasi ya kuombea picha, yenye mistari michache ya maelezo. Mara nyingi huandikwa "maumivu ya mguu". Kwa Kiswahili mguu huanzia kwenye nyonga na kuishia kwenye ukucha, hivyo anayesoma picha hana pa kuanzia. Hutazama mifupa yote kwa juu juu na kuandika kwamba haina tatizo. Ikiandikwa badala yake kwamba mgonjwa anaumia shina la kidole cha pili, mguu wa kulia, anapotembea, miezi minne sasa, na kwamba akibanwa wayo kwa pande zote mbili huruka, mpiga picha atamsimamisha, na msomaji atajua ni kiungo kipi arudi kukitazama mara ya pili.